Mbu Waliopoteza Miguu

Baba yangu mpendwa,

Ulipokuwa hai sikukuandikia barua hata moja. Tulifanya kazi chumba kimoja na kula meza moja, na nani anamwandikia barua mtu anayemwona kila jioni akichovya obusuma, ugali wetu, kwenye mchuzi uleule? Sasa uko chini ya nyasi huko nyumbani Shinyalu, na mimi nina neno lililonikaa kooni miaka mitano. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ya kazini, kwa sababu jambo lenyewe ni la kazini. Nyumbani uliniongelesha Kiluhya ukaniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. Ofisini uliniita mama vilevile, ila kwa Kiswahili, ili wenzetu wasidhani tunawasengenya.

Barua hii siifungi. Atakayeiokota na aisome. Wa kwanza kuisoma atakuwa Rosa, dada yangu, binti yako mkubwa, ambaye siku ya kukuzika alisimama mbali na kaburi, mikono ameikunja kifuani, akakataa kukutupia udongo. Watu walinong'ona. Mimi nilikuwa ukingoni kabisa. Nilitupa konzi yangu, kisha nikainama nikatupa nyingine, nikijidanganya kwamba hiyo ya pili ni ya Rosa. Nilijua kwa nini amekataa, na nilijua anamkatalia mtu asiye na kosa. Sikufungua mdomo.

Wacha nianze pale ulipoanzia wewe, ukutani.

Nilikuwa na miaka saba hivi uliponisimamisha mbele ya ukuta wa jikoni, asubuhi, kabla Mama hajawasha moto, ukanipa kurunzi yako ya kazi niishike. Mama alikuwa bado yuko nasi. Ukaniambia nimtafute mbu. Nikampata mmoja, nikamwonyesha kwa kidole. "Huyo amelala sawasawa na ukuta," ukasema. "Huyo ni wa kelele tu. Tafuta yule ameinua matako." Nilicheka hadi kurunzi ikanitoka mkononi, na Mama akakugombeza kwa kunifundisha matusi. Lakini sikusahau tena. Mbu wa malaria hukaa ameinua mkia juu, kichwa chini, na mtoto wa miaka saba anaweza kumjua akifundishwa na mtu asiyeona haya kusema.

Watu wa kwetu walikuita Mzee wa Mbu. Shuleni walitutania, mimi na Rosa, kwamba baba yetu anachunga mbu jinsi baba zao wanavyochunga ng'ombe. Rosa alipigana kwa ajili yako, Baba. Nakukumbusha hilo kwa sababu baadaye ilionekana kana kwamba hakukupenda kamwe. Alimvunja jino binti wa jirani, kisha akarudi nyumbani na kola imeraruka, akakataa kusema ni kwa nini.

Ulianza kazi ukiwa kijana, ulipomchukua Mzungu mmoja ukampeleka msituni, upande wa Isecheno, kutafuta wadudu. Alidhani anakufundisha, lakini kwa muda mrefu ni wewe uliyemfundisha yeye. Kazi yako ilikuwa kuingia nyumba za watu alfajiri kukipambazuka, ukapiga hodi, ukasalimia mpaka na mbuzi, kisha ukapitisha mwanga ukutani polepole. Mrija wako uliutengeneza mwenyewe, kipande cha kioo na kipande cha mpira na kitambaa chepesi katikati ili usimmeze mdudu. Ulimvuta mbu kwa pumzi, ukaziba kwa kidole, ukampuliza chupani mzima, bila kumvunja hata unyoya.

Na uliwapa majina. Kwenye kitabu walikuwa na majina marefu ya Kilatini ambayo hata Mzungu aliyasoma kwa kusimama simama. Wewe ulisema Soksi, na ulisema Madoa. Soksi ana ncha nyeupe kwenye miguu ya nyuma, kama mtoto wa shule ya misheni siku ya Jumapili. Huyo anakaa kwenye majani ya kinamasi na anapenda damu ya ng'ombe, na akiuma mtu ni bahati mbaya tu. Madoa ana vidoadoa miguu yote. Huyo anaingia nyumbani, analala nyumbani, na anazikisha watoto. Wote wawili wanainua mkia, kwa hiyo mkia peke yake hautoshi. Lazima uone miguu.

Mzungu alikuwa na tabia moja uliyoniambia mara nyingi. Akikuta mbu amevunjika vunjika, hana miguu wala mabawa ya kusomeka, aliandika kwenye kitabu neno la kusema haijulikani. Aliliandika kila ukurasa, mahali pengine mara tatu. Wewe ndiye uliyekuwa ukirudishwa kuwatafuta wengine, na hukulalamika. Ulisema hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Kisha uhuru ukaja. Mzungu akafunga masanduku yake, na mimi, niliyetoka shule ya wasichana na mafunzo ya miezi michache ya maabara, nikawekwa kwenye hadubini yake. Asubuhi ya kwanza ulitoa kitambaa chako mfukoni ukapangusa kile kiti kabla sijakikalia, miguu yote minne, na sehemu ya chini pia. Ukasema, "Uhuru umefika mpaka kwa hiki kiti, mama. Kaa." Nilikaa nikijiona malkia. Hakukuwa na mwanamke mweusi aliyewahi kukaa pale, na kila aliyepita mlangoni alichungulia.

Bosi wetu mpya alikuwa mmoja wetu, bwana afya kijana mwenye kola safi na haraka nyingi. Hakuwa mtu mbaya. Alituita sote chumbani kwake akatuambia, "Wazungu wanatuangalia. Wanangojea tushindwe ndio waseme tulijua." Maneno hayo yaliniingia vibaya. Kila nilipoinamia ile lenzi nilihisi kuna mtu nyuma ya shingo yangu anayengojea nishindwe. Na nilipofungua kitabu cha zamani nikaona yale "haijulikani" ya Mzungu, niliona yeye alikuwa na ruhusa ya kutojua. Sisi hatukuwa nayo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na si mimi peke yangu. Mwaka ule hakuna mtu mweusi katika ofisi yoyote ya Kakamega aliyetaka kuonekana ameandika kwamba hajui.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Rosa alikuwa ameolewa Kabras, upande wa Malava, kwenye boma lililozungukwa na miwa. Ulitumwa kijiji chao kukamata mbu nyumba kwa nyumba, ili ijulikane kama kiingizwe kwenye orodha ya kupuliziwa dawa. Bomba zilikuwa chache, na kijiji chenye Madoa ndicho kilichopewa. Ulikaa siku nne, ukalala kwa Rosa, ukambeba mjukuu wako Wekesa mabegani kila asubuhi ulipokwenda kazini. Alikuwa na miaka minne na alikuita kuka, babu, kwa sauti ya kuamrisha. Ukarudi na chupa kumi na mbili kwenye baiskeli.

Njiani mvua ilikunyeshea. Pamba za chupa ziliingia maji, barabara ikazitikisa, na nilipozifungua nilikuta mbu wamegandamana na miguu imetapakaa chini kama nywele za kinyozi. Walikuwa wameinua mkia walipokuwa hai, hilo ulilithibitisha wewe. Lakini miguu ya nani ilikuwa ya nani, hakuna aliyeweza kusema. Katika chupa kumi na mbili, mmoja tu alibaki na miguu yake ya nyuma, na miguu hiyo ilikuwa na soksi.

Ilikuwa Jumatano. Orodha ilitakiwa Ijumaa.

Nilishika kalamu, na wewe ukaona ninachotaka kuandika. Ulikuwa umesimama kando yangu, kofia mkononi, bado una matope kwenye suruali. Nayakumbuka maneno yako yote.

"Mama, usiandike kitu haujaona."

"Nimemwona huyu mmoja."

"Huyo mmoja aliingia na ndama. Huko wanalazanga ndama ndani ya nyumba, na Soksi anafuatanga ng'ombe. Hawa wengine nilitoa kwa ukuta, juu ya kitanda cha watu. Soksi hapendi kulala kwa nyumba. Andika haijulikani. Nipe siku tatu nirudi."

"Siku tatu orodha itakuwa imeenda."

"Basi iende bila hiyo kijiji, halafu tuongeze. Mzungu aliandikanga hivyo na hakuna mtu alimcheka."

Hapo ndipo niliposema lile neno. Nililisema kwa sauti ya chini, kwa adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyolifanya liwe baya zaidi. Nilikwambia, "Baba, wewe unajua kushika mbu. Kuwatambua ni kazi yangu."

Uliweka kofia kichwani, ukachukua chupa tupu ukaenda kuziosha bombani, na nilikusikia ukiziosha kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Mimi nikaandika Soksi kwa chupa zote kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri. Ijumaa bwana afya aliisoma orodha akatabasamu kwa kuwa haikuwa na pengo hata moja. Kijiji cha Rosa kikaondolewa. Bomba zake zikapelekwa Matungu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa miguu iliyovunjika ilikuwa ya mbu, na mimi niliyekataa kusikia niko mzima mpaka leo.

Mvua za masika zilikuja kubwa, na homa ikazifuata. Wekesa alishikwa Jumapili baada ya kanisa. Jumatatu alitetemeka, Jumanne hakumjua mama yake, na Jumatano, kabla hawajapata gari la kumleta hospitalini, alikuwa ameshakata roho mikononi mwa Rosa. Haikuwa nyumba yao tu. Tulipofika tulisikia vilio kutoka maboma mawili mengine, na mwanzoni nilidhani ni wale waombolezaji wetu waliotangulia.

Asubuhi ya pili ya matanga tulikuwa ndani kwa Rosa, wanawake mkekani, wewe kwenye kigoda karibu na kile kitanda. Mwanga uliingia mlangoni ukagonga ukuta. Nilikuona ukiinua macho. Nilikujua vizuri mno, Baba, na nilijua unaangalia nini kabla sijageuka. Ulitia mkono ndani ya koti, ukatoa mrija, ukasimama. Ukaanza kufyonza mbu, mmoja mmoja, juu ya kitanda alichofia mtoto, mbele ya watu waliokuja kumlilia.

Mama mkwe wa Rosa ndiye aliyesema kwanza, si kwa hasira, kwa mshangao tu. "Huyu mzee anatafutanga nini kwa ukuta? Hata kama ni kazi, si angoje tumalize kulia?"

Rosa aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Baba," alisema, "umekuja kulia ama umekuja kazi?"

Hukuweza kumjibu kwa sababu mrija ulikuwa mdomoni na mbu alikuwa ndani yake. Ulimpuliza chupani kwanza. Ukahesabu saba. Kisha ukaitia chupa kwenye mfuko wa kifua, ukaifunika kwa kiganja, ukatoka nje bila kumtazama mtu. Rosa hakuwahi kukusamehe asubuhi ile. Aliniambia mara nyingi kwamba angeweza kusamehe mengine yote, lakini si kumwona baba yake akifanya kazi ya ofisi juu ya kitanda cha mwanawe.

Hakujua ulivyorudi. Ulitembea kwa miguu kutoka Malava hadi Kakamega, baiskeli ukiisukuma kwa mkono mmoja bila kuipanda, mkono mwingine kifuani, ili barabara isiwatikise mbu mara ya pili. Uliingia ofisini nikiwa nimeshafika kwa gari la watu. Ukaiweka ile chupa mbele yangu. Mbu walikuwa wazima.

Niliwaua kwa dawa nikawaweka chini ya lenzi, mmoja baada ya mwingine, na wewe ukasimama mahali palepale uliposimama siku ile. Miguu yote ilikuwapo, na ilikuwa na vidoadoa. Saba kati ya saba. Sikuweza kuinua uso.

"Sasa umeona," ulisema. "Andika."

Niliandika. Kisha ukafunga mlango, jambo usilolifanya kamwe mchana, ukaniambia utakwenda kwa bwana afya kumwambia kwamba ulichanganya chupa, kwamba zile ulizoziandikia kijiji cha Rosa zilikuwa za mahali pengine, na kwamba mimi niliandika nilichopewa. Nilisema hapana. Nilisema mara moja, Baba. Mtu akitaka kweli kusema hapana huisema zaidi ya mara moja.

"Sikiliza," ulisema. "Mimi nimezeeka, hii kazi nimefanya imetosha. Wewe ukitolewa kwa hiki kiti, hawataweka msichana mwingine hapa miaka kumi. Hiyo moja. Ya pili ni dada yako. Rosa lazima achukie mtu. Akinichukia mimi, mimi nitakufa na itaisha. Akikuchukia wewe, atabaki bila dada, na mama yenu hayuko. Nimepiga hesabu."

Kesho yake, kabla ya saa sita, ulikuwa umeshatolewa kazini. Miaka yote ile ikaisha kwa mazungumzo ya nusu saa. Ulirudisha koti na kurunzi. Mrija hukuurudisha, kwa kuwa uliutengeneza kwa mikono yako. Uliponipita kuelekea mlangoni ulinigusa bega, na mimi nikainamia hadubini nikajifanya nina kazi, hali sikuwa nimeweka kitu chochote chini ya lenzi.

Ukaenda mwenyewe kumwambia Rosa kosa ni lako. Ulimpelekea ingokho, kuku jike mweupe, kama mtu anayekwenda kuomba msamaha ipasavyo. Rosa alikusikiliza mpaka mwisho kwenye lango. Kisha akamchukua yule kuku, akafungua kamba miguuni, akamwachilia akimbilie kwenye miwa. Akaingia ndani. Ulinisimulia hayo jioni ukiwa umekaa kwenye ngazi, na ulijaribu kufanya mzaha kwamba hata kuku hakukutaka. Nilicheka ili usione ninavyojisikia. Mungu anisamehe kicheko kile.

Uliishi miaka mitatu baada ya hapo. Kila Jumapili uliuliza, "Dada yako?" nami nilikujibu, "Yuko salama," na tukaishia hapo. Ulikagua kuta za nyumba yetu kila asubuhi kwa kibiriti kwa kuwa hukuwa na kurunzi tena. Kifua kilipokubana, wiki ile ya mwisho, nilipiga magoti kando ya kitanda nikakwambia nitakwenda Malava kumwambia Rosa ukweli aje akuone. Ulinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado unazo.

"Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho," ulisema. "Usiniharibie."

Nilikutii. Sikukutii ulipokuwa na haki, nikaja kukutii ulipokosea. Maana ulikosea, Baba. Ulidhani chuki ni homa, kwamba ikimmaliza mgonjwa mmoja itakwisha. Haikuisha. Rosa aliibeba mpaka kaburini kwako, akasimama nayo mbali, na bado anayo. Amezeeka usoni kunizidi kwa zaidi ya miaka tunayotofautiana. Wewe ulimtunzia dada, lakini hukumtunzia baba, na yeye alimhitaji baba.

Kile kiti bado ninakikalia. Kijiji cha Rosa kilipuliziwa dawa mwaka uleule, baada ya makaburi. Sasa ninafundisha wasichana wawili, na jambo la kwanza ninalowafundisha ni kuandika haijulikani. Wanadhani ninawatania. Bwana afya, ambaye sasa ana mvi kidogo na haraka zimempungua, aliniuliza siku moja kwa nini vitabu vyangu vina mapengo mengi. Nikamwambia ndivyo nilivyofunzwa na Mzee wa Mbu. Sijui kama aliwahi kuiamini ile hadithi ya chupa.

Wale mbu saba ninao kwenye droo. Juzi niliwatoa. Miguu imeanguka yote, mmoja mmoja, kwa miaka tu, hakuna aliyewatikisa. Mtu akiniletea hao leo siwezi kumwambia kama ni Soksi au Madoa. Anayejua ni mimi peke yangu, na ndiyo maana nimeona niandike kabla sijaanguka miguu mimi pia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho nachukua basi la Malava, na barua hii iko kwenye mkoba.

*

Baba, naendelea. Zimepita wiki tatu.

Nilimkuta Rosa uani akipepeta maharagwe. Nilimpa karatasi hizi bila kusema neno, akazisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila mstari, vile ulivyotufundisha. Alipomaliza alirudi nyuma akasoma tena ile sehemu ya wewe kutembea na baiskeli. Maharagwe yalikuwa magotini pake na hakuyagusa.

"Alijua nitamchukia?" aliuliza.

"Alijua."

"Na wewe ulijua ninamchukia bure."

"Nilijua."

"Siku tulimzika ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo, dada."

Alikunja karatasi, akanirudishia. Nilingojea anipige. Ningefurahi angenipiga. Alisema, "Ile ingokho yake ilikuwa nyeupe. Mpaka leo nikiona kuku nyeupe siwezi kula." Kisha akaanza kupepeta tena, na akaniambia bila kuinua macho, "Sasa enda. Usikuje hapa mpaka nikuite."

"Na kama hautaniita?"

"Basi hautakuja."

Nimeondoka nikiwa sina dada. Hesabu yako uliyoipiga siku ile mlango umefungwa, ukaitunza kwa kazi yako na jina lako na Jumapili zako zote, nimeivuruga kwa karatasi chache. Nisamehe. Kwa hili siwezi kusema ninajuta, ila nisamehe.

Jana nilikuja Shinyalu kukupalilia. Umenifundisha nisiandike kitu sijakiona, kwa hiyo siandiki kwamba Rosa alikuja. Sikumwona, na sijamuuliza mtu. Naandika nilichokiona: katikati ya kaburi lako, juu ya nyasi, konzi moja ya udongo mweusi, mkavu, ambao mvua haijaugusa bado. Wa kwetu ni mwekundu. Huo mweusi ninaujua. Nilirudi nao kwenye viatu kutoka kwenye miwa ya Malava.

Sikuugusa. Nilipalilia pembeni tu.

Pumzika sasa, Baba. Kazi yako haikuharibika yote.

Ni mimi binti yako mdogo,
uliyemwita mama.